Kinyungu Walichokiita Pori

Nikipita njia ya Makambako nikaona milingoti, ile mikaratusi ya nguzo, imejipanga kando ya barabara, natema mate. Wajukuu zangu wanacheka, wanasema bibi ana kesi na miti. Ni kweli ninayo. Na si na miti peke yake.

Niseme kwanza kwamba mimi si mtu wa kuandika. Shule niliishia darasa la pili. La tatu nililianza wiki mbili tu, mama akajifungua mapacha, nikarudi nyumbani kubeba mmoja. Kusoma sawasawa nilijifunza ukubwani, nikiwa mjane wa watoto wanne, na aliyenifundisha ni mmoja wa hao hao ninaotaka kuwasema. Ndiyo maana hasira hii haiishi. Ingekuwa ya mtu aliyenitendea ubaya mtupu ningekwisha kuisahau, kama nilivyomsahau yule kondakta aliyenishusha Mahongole na magunia yangu, mvua inanyesha, eti gari limejaa. Tazama, sijamsahau. Basi tuendelee.

Walikuwa wazungu watano, wazee wote, wamestaafu kazi kwao. Walikuja ile miaka maduka yalipoanza kujaa tena. Kabla ya hapo sabuni tulipanga foleni tukakatiwa kipande, halafu ghafla Makambako ikawa na kila kitu: marobota ya mitumba yanafunguliwa chini, redio, baiskeli, mafuta ya kupaka ya kila rangi. Ikawa kila mtu ruksa kuuza, kila mtu ruksa kuja. Zamani mzungu wa Njombe alikuwa padri, au sista, au mtaalamu wa serikali, unajua kaja kwa kazi gani na ataondoka lini. Hawa walipanga nyumba kubwa upande wa Mjimwema, wakasema wamekuja kuishi tu, na kujitolea.

Wote walitoka mji mmoja wa kwao ulio kando ya bahari. Walijaribu kwanza kukaa pwani yetu, joto likawashinda. Wakapanda mpaka huku, wakakuta ukungu wa Juni na upepo unaokata masikio, wakafurahi kama watu waliofika nyumbani. Dirishani walipanga makombe ya baharini waliyoyatoa kwao. Mimi bahari sijaiona mpaka leo, lakini makombe yake nimeyapangusa vumbi kila Jumamosi, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu: kufua, kupika, kupangusa.

Katika hao watano nitawasema wawili. Mmoja alikuwa mwanamke, mwalimu mstaafu, tulimwita Bibi Mwalimu. Kiswahili alikijua cha kitabuni, akikusalimia unahisi unasomewa risala. Wa pili tulimwita Bwana Mrefu. Huyo kwao alikuwa mtu wa misitu, na Kiswahili chake kilikuwa "asante" na "pole pole", basi.

Kila Alhamisi saa kumi walikaa barazani na chai na biskuti kupanga mambo ya kujenga jamii. Jamii yenyewe ilikuwa jikoni inachemsha maji.

Nitoe mfano wa kujitolea kwao. Waliamua kuwafundisha akina mama wa Njombe kufuma sweta. Njombe! Mahali ambapo mwanamke anatembea kwenda sokoni huku anafuma, mtoto mgongoni na donge la uzi kwapani, haangalii hata sindano. Lakini walikuwa wanagawa uzi wa bure, uzi mzuri wa rangi, kwa hiyo sote tukawa hatujui. Mama mmoja mtu mzima, ambaye alishafuma sweta za shule nzima, alishika sindano kama anashika nyoka. Bibi Mwalimu akampigia makofi alipomaliza mstari wa kwanza. Tulicheka mwezi mzima. Leo nikikumbuka sicheki sana. Tuliwazoesha kuamini kwamba kabla yao hapakuwa na kitu.

Na hilo neno kujitolea. Sisi tumebeba mawe ya shule kichwani, tumechimba mtaro wa maji, tumetengeneza barabara kila mvua inapoila, na usipokwenda unaandikwa jina. Hakuna aliyetupiga picha.

Lakini Bibi Mwalimu alinifundisha kusoma. Jioni, vyombo vikishakauka, tulikaa meza ya jikoni na gazeti kuukuu na karatasi za kufungia sukari. Nikikosea anagonga meza, "Tena!" Nikipatia anagonga meza, "Tena!" Siku niliyosoma mstari mzima wa gazeti bila kusimama, aliinuka akanishika mikono yote miwili, na mikono yangu ilikuwa na sabuni. Nilimpenda. Lazima niliseme hilo, ingawa lingeniwia rahisi zaidi kulificha.

Sasa kinyungu. Kwa asiye wa huku, kinyungu ni shamba la bondeni, pale chini ambapo udongo ni mweusi na maji hayakauki. Wakati wa mvua huendi. Maji yametuama, majani yanakufika kiunoni, unapaacha papumzike. Mvua zikiisha, mwezi wa sita au wa saba, unashuka, unafyeka majani, unayafukia, unapandisha udongo juu yake, unapata matuta. Huko juu mashamba yamekauka kama ukoko, wewe bondeni una njegere, una viazi, una mahindi mabichi wakati hakuna mwenye mahindi. Kinyungu changu nilikabidhiwa na mama mkwe. Alinipeleka mwenyewe, akachomeka jembe kwenye tuta la kwanza chini ya chemchemi, akaniambia, "Shika." Mume wangu alipokufa, ndugu zake walichukua shamba la juu na bati tatu za jiko. Kinyungu hawakukigusa, maana kila mtu alijua mama yao alinishikisha jembe. Watoto wangu wanne wamesoma kwa matuta kumi na tisa yale. Mshahara wa kufua ulinunua chumvi na mafuta ya taa. Kinyungu ndicho kilichotulisha.

Sasa, mwezi wa tatu, wakati mianzi inagemwa pombe ya ulanzi, Alhamisi moja wakamwalika mwenyekiti wetu kwenye chai. Bwana Mrefu akanyoosha mkono kuelekea bondeni, akasema kwa Kizungu, Bibi Mwalimu akageuza kwa Kiswahili.

"Anauliza, bonde lile mbona limelala? Lina mtu?"

Mwenyekiti akanywa chai kwanza. "Lile? Lile liko wazi tu. Mnaweza."

Nilikuwa nimeshika birika. Mwenyekiti huyo huyo, Novemba iliyopita, alikaa jikoni kwangu akala mahindi mabichi ya lile bonde, matatu, nilimchomea mwenyewe. Nikamtazama. Akatazama biskuti. Baadaye nilijua walishamwahidi kuongoza kamati ya miti, na kamati ilikuwa inapewa baiskeli.

Na mimi je? Mimi nilimimina chai. Hapa ndipo hasira inaponigeukia. Kwetu mwanamke hasimami mbele ya wageni akasema ardhi ni yangu. Anayelisema ni jirani yako, au mkubwa wa ukoo. Wewe unakaa kimya na jembe lako linajulikana. Hata hivyo si desturi peke yake iliyonifunga. Niliogopa kazi. Nikajiambia nitamweleza Bibi Mwalimu kesho jikoni, tukiwa wawili. Jioni ile ile nikaletewa habari kwamba dada yangu kalazwa hospitali kule Bulongwa. Asubuhi nikaondoka.

Nilikaa Bulongwa wiki tatu, nikimpikia dada yangu nje ya wodi kwenye mafiga. Alipona, tunashukuru. Nilirudi kwa lori la mbao, na niliposhuka sikwenda nyumbani moja kwa moja, nilipita bondeni kuchuma mboga ya majani inayoota pembeni.

Nikakuta miche. Mistari kwa mistari, kila mche na kijiti chake na utepe mwekundu, kuanzia kwenye chemchemi hadi mpaka wa kinyungu cha wifi yangu. Milingoti. Walikuwa wameipanda juu ya matuta yangu ya mwaka uliopita, katikati ya majani.

Nikamkuta wifi nyumbani kwake anachambua maharage.

"Kamwene, wifi. Dada anaendeleaje?"

"Achana na kamwene. Nani kachimba kule?"

"Sisi."

"Sisi nani?"

"Sisi sote. Mwenyekiti kapita nyumba kwa nyumba. Tumepewa vitenge, kila mtu kimoja. Chako ninacho ndani, nilikuchukulia."

"Na kinyungu chako wewe?"

"Changu hawakukifikia. Miche iliisha."

"Kwa hiyo ukachimba changu."

Akaacha maharage. "Wifi, wewe ndiye unayekula mkate wao. Unawafulia mpaka soksi. Tungejuaje kwamba hukukubali? Tulidhani umewapa, ili wakuongeze mshahara."

Kitenge sikukichukua. Kilikuwa kizuri, cha kijani.

Alhamisi ilipofika sikupeleka chai. Nilitoka barazani mikono mitupu. Nikasema, "Leo chai hakuna mpaka niseme." Bibi Mwalimu akacheka, alidhani ni utani. Mwenyekiti alikuwepo, baiskeli yake mpya imeegeshwa kwenye nguzo.

Nikasema. Sikumbuki nilivyoanza, ila nilivyomaliza hakuna aliyekuwa anacheka. Bibi Mwalimu alimgeuzia Bwana Mrefu, naye akajibu taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Anasema hapakuwa na kitu pale. Alikwenda mwenyewe mara tatu. Majani na maji tu."

"Alikwenda mwezi gani?"

"Machi."

"Machi hata mimi siendi! Mwambie aje Agosti aone kama atapata pa kukanyaga."

"Anasema pole sana. Lakini miti hii ni ya jamii nzima. Nayo italinda maji."

"Mti huu haulindi maji, unayanywa. Mahongole kwa shangazi yangu kisima kimekufa kwa miti hii hii."

"Anasema amefanya kazi ya miti miaka arobaini."

"Kwao."

Hilo Bibi Mwalimu hakuligeuza.

"Mgeuzie na hilo."

Akaligeuza. Bwana Mrefu akawa mwekundu mpaka kwenye upara. Mwenyekiti akaona sasa ni zamu yake. "Mama, unatutia aibu. Wageni wameacha nyumba zao, wamekuja kujitolea, wewe unawapigia kelele kwa ajili ya njegere?"

"Njegere? Wewe Novemba ulikula nini jikoni kwangu? Majani na maji?"

Wakanong'onezana. Mwisho nikaambiwa jambo langu litawekwa kwenye kikao cha Alhamisi inayofuata, na kwamba wameona vema niwe mjumbe wa kamati ya miti. Mjumbe! Nikae nijadili mchana mti unaokunywa chakula cha wanangu, halafu nikawaoshee vikombe.

Hiyo Alhamisi inayofuata wakasema wanahitaji muda. Na iliyofuata. Muda wenyewe ukawa unakwenda, mvua zikaisha, maji bondeni yakaanza kushuka. Mteja wangu wa Makambako akaja na pikapu yake, Mwislamu mmoja mwenyeji wa Kondoa, mtu wa maneno. Alizoea kusimama juu ya barabara na kutazama bondeni ahesabu magunia kwa macho.

"Mama, nini tena hii? Umeanza kulima nguzo?"

"Ni habari ndefu, baba."

"Basi fupisha. Makambako watu wanataka njegere. Nguzo hawachemshi." Akacheka, halafu akaona uso wangu, akaacha. "Mama, mimi mwezi wa tisa napita hapa. Nikikuta miti, nitanunua kwa mwingine. Sitaki, lakini nitanunua."

Jumatatu yake nikashuka na jembe. Sikuvizia giza wala alfajiri. Nilingoja saa nne, wamekaa barazani na kahawa yao, wananiona. Nikang'oa mche wa kwanza, nikaulaza pembeni na utepe wake. Wa pili. Wa tatu. Sikuvunja hata mmoja, maana mche nao umesumbuliwa tu. Nilipofika mstari wa sita nikasikia jembe jingine nyuma yangu. Wifi. Alikuwa amevaa kile kitenge cha kijani, kimelowa tope mpaka magotini.

Bibi Mwalimu akashuka peke yake na mabuti ya mvua. Akasimama kwenye maji. Nilijiandaa kufukuzwa kazi.

"Nimekosa," akasema. "Ulikuwa jikoni kwangu kila siku, na sikukuuliza wewe."

Nilisimamisha jembe. Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo nilipoharibu. Alitazama kule juu kwenye chemchemi, ilikobaki miche kama ishirini hivi. Akasema, "Hii ya juu iache. Ishirini tu. Yule mzee moyo wake ni mgonjwa, atavunjika. Iwe ukumbusho wake."

Nilijua mlingoti unafanya nini kwenye maji. Nilikuwa nimemwambia yule mzee mbele ya watu. Na bado nikasema haya, iache. Kwa sababu ya zile karatasi za sukari. Kwa sababu alikuwa ameniomba msamaha, na mimi katika maisha yangu hakuna mkubwa aliyewahi kuniomba msamaha, nikalewa.

Mwaka ule nilivuna. Wa pili pia. Mteja wangu alipakia pikapu mpaka matairi yakalala. Kazi sikufukuzwa. Wa tatu nikaona tuta la mwisho limepasuka kabla ya wakati. Wa nne matuta saba hayakuota kitu. Chemchemi ambayo mama mkwe wangu alikuwa akichota kwa ndoo bila kuinama, sasa unapiga magoti na kikombe. Na ile ishirini imekwenda juu, minene, inang'aa, majani yake yananuka dawa ya kifua.

Wao wakati huo walikwishaanza kuondoka. Bwana Mrefu moyo ulizidi, akarudishwa kwao. Wengine wakasema wajukuu wamezaliwa. Wa mwisho alikuwa Bibi Mwalimu. Nilimweleza habari za maji, akasikitika, akasema atawaandikia watu. Siku ya kuondoka alinipa kombe moja la baharini, na bahasha, akasema nifungue nyumbani. Tulilia wote wawili barazani.

Sikungoja kufika nyumbani. Nilifungua njiani. Ilikuwa picha ya siku ya kupanda: wazungu watano na majembe, akina mama wanacheka, mwenyekiti mbele kabisa amevimba kifua. Nikageuza nyuma. Mwandiko wake, mkubwa, kama alivyokuwa akiniandikia nisome. "Hapa palikuwa pori. Sasa ni msitu wa jamii."

Nilisoma bila kusimama. Hakuna aliyegonga meza.

Labda aliandika siku ile ile, kabla sijarudi kutoka Bulongwa. Nimemtetea hivyo mara nyingi. Lakini aliitoa mahali, akaitia kwenye bahasha, akaandika jina langu juu, na hakuona kitu cha kufuta. Miaka yote ile. Aliniona nikikasirika, akaniona nikilima, akala na njegere zangu, na moyoni mwake pale palibaki pori.

Nilikwenda kwa wifi nikaazima shoka. Siku tatu tulikata, yeye upande huu na mimi upande ule, mti wa ishirini ukaangukia kwenye mfereji. Mwenyekiti akaitisha mkutano. Kumbe alishapatana na mtu wa Makambako amuuzie ile miti kama nguzo.

"Huyu mama ameharibu mali ya kamati," akasema mbele ya watu. "Lile lilikuwa eneo la wazi. Pori. Wageni wetu ndio walioliendeleza. Ana ushahidi gani?"

Nikatoa picha. Nilikuwa nimeitazama usiku na mchana kwa hasira mpaka nikaona kitu ambacho wao hawakukiona. Nikampa mzee mmoja wa ukoo wa mume wangu, yule yule aliyechukua bati zangu.

"Baba, tazama miguuni kwa mwenyekiti. Chini ya majani. Amekanyaga nini?"

Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Ile picha ilipigwa kutoka juu, na majani yalikuwa yameinama kwa mvua. Mistari ilionekana wazi kama mbavu za ng'ombe mwenye njaa.

"Matuta," akasema. "Haya ni matuta." Akayahesabu kwa kidole. "Ya marehemu mama yetu haya. Huyu alishikishwa jembe, mimi nilikuwepo."

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Mwenyekiti, pori la kwenu linajilima lenyewe?" Watu wakacheka, na safari hii nilicheka nao. Mwenyekiti akapanda baiskeli yake ya kamati akaondoka, mkutano haujafungwa.

Basi wanangu huwa wanataka niishie hapo. Wanasema mama ulishinda. Nilishinda nini? Mlingoti ukiukata haufi. Kisiki kinachipua, chipukizi moja unalolifyeka linarudi matano. Nimechoma moto, nimemwaga chumvi, nimechimba mpaka nikavunja mpini. Mizizi iko chini huko, inakunywa. Maji yamerudi kidogo, ya matuta matatu, mwaka mzuri manne. Mteja wangu wa Kondoa alikwishaacha kupita, sasa kuna vijana wake, hawalijui bonde langu.

Ile picha imebandikwa ukutani, upande wa maandishi ndio ulio mbele. Wageni wakija wanadhani nimekosea.

Na kila mwezi wa saba nashuka na panga. Mwaka huu mgongo uliniuma, wifi hayupo tena, nimefyeka visiki vyote ishirini peke yangu. Nikakaa juu ya kimoja, nikawatukana wote kwa Kibena, yule mrefu, yule mwenye baiskeli, yule aliyenifundisha kusoma, na mimi mwenyewe niliyemimina chai, mpaka sauti ikakauka. Halafu nikainuka nikapanda njegere, matuta matatu.